Mluzi Ninaolipwa Kuuzima

Mimi ni mtu wa mitambo. Harusi, sendofu, kipaimara, mikutano ya injili na, msimu ukifika, kampeni. Watu hudhani kazi yangu ni kuleta sauti, kumbe sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuiondoa. Naondoa mvumo wa umeme kwenye ukumbi ambao waya wake wa ethi ulifungwa na mtu mwenye haraka zake. Naondoa mkwaruzo wa jeki iliyolegea. Naondoa besi inayozunguka kuta na kurudi imeshavurugika. Na zaidi ya yote nauzima mluzi, ule mlio unaotoboa kichwa MC anapotembea na maiki mpaka mbele ya spika, halafu anageuka na kusema ukumbi mzima ukisikia, "Fundi, vipi tena?"

Kwa hiyo nilipokuja kujua kwamba wako watu waliotumia maisha yao kuutafuta mluzi huohuo, kuufuga, kuurekodi na kuuuza kama muziki, ule unaoitwa muziki wa kelele, kwangu halikuwa suala la ladha peke yake. Lilinigusa kikazi.

Aliyenifungulia mlango ni kijana anayenisaidia kubeba spika. Tulikuwa tumemaliza kazi Kigamboni usiku, kirikuu imejaa mpaka juu, tuko kwenye foleni ya pantoni, akachomeka simu yake kwenye redio ya gari. "Braza, sikia hii halafu uniambie." Mama mmoja kwenye Noah ya pembeni akapandisha kioo chake. Mimi nikainamisha sikio.

Kilichonishika si yule mtu aliyekuwa anapiga makelele ya kooni. Ni dundo la chini. Lilikuwa safi, limekaa mahali pake, wakati kila kitu juu yake kimepasuka vipandevipande. Sasa, spika mbovu haichagui. Ikiharibika inapasua vyote, dundo, sauti, gitaa na hata matangazo ya redio. Hapa kuna mtu alikaa kwenye kiti, akasikiliza, akaamua hiki kipasuke na hiki kibaki. Nikamwambia kijana arudie.

Walikuwa ni Duma, watu wawili wa Nairobi. Martin Khanja, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Lord Spikeheart, ndiye mwenye koo hilo, na Sam Karugu ndiye wa gitaa na mashine. Walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, jiji ambalo limekuwa na watu wa roki na metali kwa muda mrefu kuliko wengi wetu wa huku Dar tunavyodhani. Walirekodi Kampala, kwa watu wa Nyege Nyege, lebo ya muziki ya huko, na albamu yao ikatoka mwaka 2020 kwa jina la bendi. Midundo inakwenda kasi ambayo mpiga ngoma wa mikono miwili hawezi kuifikia, kisha inakatika ghafla, unabaki na mngurumo mtupu. Baadaye Khanja alitoa kazi yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024. Naipenda, ila ile ya kwanza ina kitu cha watu waliofungiwa chumba kimoja na kuambiwa wasitoke mpaka imalizike.

Kutoka hapo nikaanza kurudi nyuma. Hizi sauti zimetoka wapi? Nilitarajia kukuta vijana waliokata tamaa ya kujifunza gitaa. Maneno hayo unayasikia kila mahali, kwamba muziki wa kelele ni kimbilio la asiyejua ala. Lakini kila nilipofukua chini ya jina kubwa nilimkuta fundi. Mtu wa waya, mtu wa lehemu, mtu anayefungua kifaa kabla hakijaharibika ili aone ndani kuna nini. Nawajua watu wa aina hiyo. Ndio ninaokutana nao Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, wamesimama dakika arobaini wakibishana juu ya kapasita ya bei ya maandazi.

Chukua Sheffield, mji wa chuma kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1973 vijana watatu, Richard H. Kirk, Stephen Mallinder na Chris Watson, walianza kitu walichokiita Cabaret Voltaire. Watson alikuwa fundi simu. Watu waliokulia mji ule husimulia kwamba usiku ulisikia nyundo za viwandani zikigonga chuma kwa mbali, na hao vijana hawakuona sababu ya kujifanya hawazisikii. Walikuwa na mashine za tepu, walikata na kuunganisha vipande, wakavizungusha. Kwenye onyesho lao la mwaka 1975 mdundo wao ulikuwa ni tepu ya nyundo ya mvuke inayojirudia. Waliokuja walikuwa wameahidiwa roki. Ikawa ngumi, na Mallinder akapelekwa hospitali. Nimewahi kuona ukumbi ukichachamaa kwa sababu DJ amechelewa kubadilisha wimbo, kwa hiyo picha nzima naipata.

London, mtaa wa Hackney, walikuwepo Throbbing Gristle, wanne: Genesis P-Orridge, Cosey Fanni Tutti, Peter Christopherson na Chris Carter. Hao ndio waliowapa watu jina la muziki wa viwanda, maana lebo yao waliyoianzisha mwaka 1976 waliiita Industrial Records. Mwaka huohuo walifanya maonyesho ya sanaa yaliyozua kelele za kisiasa hadi mbunge Nicholas Fairbairn akawaita waharibifu wa ustaarabu. Hadithi hiyo inasimuliwa kila mahali, na mimi siipi uzito sana. Mbunge kukasirika si kipimo cha muziki.

Kinachonivuta mimi ni Chris Carter na meza yake. Jamaa alichukua mchoro wa saketi uliochapishwa kwenye jarida la mafundi wa elektroniki, kifaa cha kuharibu sauti ya gitaa, akakijenga, akakibadilisha kwa matakwa yake, wakakibatiza Gristleizer. Kisha akamjengea Christopherson kibodi ndogo ambayo kila kitufe kiliamsha mashine ya kaseti. Unabonyeza hapa, yanatoka mazungumzo ya watu. Unabonyeza pale, unatoka mlio wa mashine. Leo kitu hicho kinakaa kwenye simu ya mtoto wa darasa la tano na hakuna anayekishangaa. Wakati ule kilikuwa hakiuzwi dukani kwa bei ya mtu wa kawaida, basi wakakitengeneza. Na Cosey, ambaye kwa miaka mingi watu walimwandika kama pambo la bendi, ukisikiliza kwa makini gitaa lake ndilo linaloshikilia nyimbo nyingi zisianguke. Halipigi kodi, yaani noti zilizopangwa kulia pamoja. Linapiga uso wa sauti yenyewe.

Niseme na hili nisilolipenda, maana halifichiki. Nembo ya Industrial Records ilikuwa picha ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Walikuwa na maelezo yao, kwamba wanakionyesha kiwanda kwa sura yake ya kweli kabisa. Nimeyasoma, sijashawishika. Waliowafuata wengi walichukua hizo picha bila hata maelezo: wauaji, magwanda ya kijeshi, maiti, kaseti baada ya kaseti. Mtu akihitaji picha ya namna hiyo ili kelele yake iogopeshe, nahisi kelele yenyewe haijaiva.

Panki, ile roki ya kasi na hasira, nayo ilipita hapohapo, lakini kwa njia za pembeni. New York walikuwepo Suicide, Alan Vega na Martin Rev, ambao waliandika neno hilo la panki kwenye matangazo ya maonyesho yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla halijawa jina la mtindo wa nguo. Walipofikia kutoa rekodi hawakuwa na gitaa wala mpiga ngoma. Mmoja kinanda na mashine ya midundo, mwingine maiki. Ipo rekodi ya tarehe 16 Juni 1978, Brussels, walipomtangulia jukwaani mwanamuziki Elvis Costello. Watu wanazomea, wanazomea, mpaka mmoja anampokonya Vega maiki. Onyesho zima halikufika nusu saa. Kila mtu anayeisikiliza humhurumia Vega. Mimi nilikuwa nawaza maiki imeishia wapi na nani aliilipia.

Mwaka 1979 huko London, John Lydon, ambaye alikuwa ametoka bendi ya panki ya Sex Pistols, akatoa na bendi yake ya Public Image Ltd kazi iliyouzwa ndani ya kopo la bati: santuri tatu za inchi 12 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kopo ndilo lililosifiwa. Lakini siri iko kwenye hiyo 45. Santuri ikizunguka haraka na ikiwa na nafasi, mifereji inaweza kuchongwa mipana, na besi inapata pa kukaa. Jah Wobble alipiga besi ambayo spika za watu majumbani zilikuwa hazijaizoea. Brixton nako This Heat walikuwa wakirekodi kwenye jengo lililokuwa jokofu la kuhifadhia nyama, wakikata tepu na kuzigundisha upya kwa subira ambayo mimi sina.

Halafu Berlin Magharibi. Einstürzende Neubauten walianza tarehe 1 Aprili 1980. N.U. Unruh alikuwa mpiga ngoma aliyeuza ngoma zake kwa sababu ya ukata. Badala yake akaanza kuokota mabati, springi, mabomba na vyuma vya ujenzi. Walikwenda kurekodi hadi ndani ya uwazi wa daraja la barabara kuu, kimo chake kidogo, mtu huwezi kusimama wima. Ukisikiliza albamu yao ya kwanza, Kollaps ya mwaka 1981, unasikia chuma chenye ukubwa tofauti kikijibizana, na koo la Blixa Bargeld likipanda mpaka pale ambapo hujui tena kama ni mtu au bawaba. Wengi huishia kusema "wanagonga vyuma tu". Nenda Gerezani asubuhi, simama kati ya mafundi wanaonyoosha mabodi ya magari, halafu jaribu kupanga vyuma vitano kwa sauti zake. Utajua kama ni "tu".

Tarehe 3 Januari 1984, kwenye ICA, ukumbi wa sanaa wa London, watu wa kundi hilo na wenzao walipanda jukwaani na drili kubwa za kubomolea, misumeno ya moto na mashine ya kuchanganyia zege, wakaanza kulitoboa jukwaa lenyewe. Uongozi ukakata onyesho baada ya dakika kama ishirini hivi. Yapo masimulizi kwamba nia ilikuwa kuchimba mpaka kwenye mahandaki yaliyoko chini ya jengo. Ni hadithi tamu. Mimi naiwazia kwa upande wa yule mtu wa ukumbi mwenye funguo, aliyekubali kupokea oda ya umeme wa mashine zote hizo bila kuuliza ni za nini.

Japani walifika mbali zaidi, na sitakaa sana huko kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukaa, wakihesabu nani alikuwa mkali kuliko nani. Kundi la Hanatarash mwaka 1985 liliingiza buldoza ukumbini Tokyo, likatoboa ukuta. Picha zipo. Masami Akita, anayejiita Merzbow, ametoa kazi nyingi kiasi kwamba mwaka 2000 walitoa sanduku lake la diski 50. Sijalimaliza wala sitalimaliza. Kuna siku Merzbow ananifaa, hasa nikitoka kwenye kazi ya siku nzima ya kwaya kumi na mbili. Masikio yamechoka na melodi, yanataka kitu kisichoomba kupendwa. Siku nyingine nazima baada ya dakika nne.

Mjapani niliyekaa naye ni mwingine, mpole kabisa: Toshimaru Nakamura. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ala yake ni miksa. Miksa tupu. Haichomekwi maiki, haichomekwi kinanda, haichomekwi kitu. Anachukua sauti inayotoka kwenye miksa na kuirudisha ndani ya miksa ileile. Nilipoelewa anachofanya niliweka chai chini.

Ninayo miksa ya chaneli nane ambayo haiendi tena kazini. Chaneli mbili zimekufa na ya tano inawasha taa inapotaka yenyewe. Nikaiweka mezani. Nikachukua waya mmoja mfupi, upande mmoja kwenye tundu la kutolea sauti kwenda kwenye vifaa vya pembeni, upande wa pili kwenye tundu la kuingizia la chaneli ya kwanza. Mzunguko umefungwa: chaneli inajisikiliza. Sauti nikaipeleka kwenye kispika kidogo cha mezani, si kwenye mitambo ya kazi, na sababu nitaisema.

Ukipandisha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, taratibu, mwanzo ni kimya chenye vumbi, ule mvumo mdogo wa "shhh" ambao kila saketi inayo hata ikiwa mpya. Hiyo ndiyo mbegu. Sauti hiyo ndogo inatoka, inarudi, inatoka tena imeongezeka. Mradi kila mzunguko unairudisha imepungua, husikii kitu. Ukifika pale ambapo inarudi na ukubwa uleule iliotoka nao, chombo kinaamka. Kwenye miksa yangu kiliamka na sauti nyembamba ya juu, imenyooka, haitetereki. Nikagusa nobu ya sauti za kati, kidogo tu, upana wa kucha. Ile sauti haikupanda polepole kama ambavyo ungedhani. Iliruka. Ikatua chini kabisa, nzito, ikawa inaunguruma. Nikarudisha nobu pale ilipokuwa. Sauti haikurudi ilikotoka. Ikakaa mahali pa tatu.

Hapo ndipo nilipovutiwa kweli, maana kwenye ukumbi mambo ni yaleyale, isipokuwa huko mluzi huo ndio adui. Maiki inasikia spika, spika inaipaza maiki, na ukumbi ndio unaochagua ni sauti gani ipande kwanza. Ukumbi wa vigae na vioo una chaguo lake, ukumbi wa turubai una lake, na MC mnene akisimama mbele ya spika anabadilisha yote. Kazi yangu ni kuitambua ile sauti kwa sikio, kwenda kwenye ekwalaiza na kuikata palepale bila kuchinja na za jirani. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba vidole vinakwenda kabla ya akili. Kwenye meza yangu vidole vilikuwa vinakwenda kulekule, kwenye nobu zilezile, kwa lengo la kuilisha badala ya kuiua.

Nikaongeza waya wa pili, chaneli ya tatu ikarudi kwenye ya kwanza. Sasa mizunguko miwili ikaanza kugombania nafasi. Mmoja ukipata nguvu unauzima mwingine, ukichoka mwingine unaamka, na mvutano huo ukatoa mdundo, tk, tk-tk, tk, ambao hakuna mtu aliyeupiga. Nikiweka mkono juu ya nobu bila kuizungusha, nilihisi kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Mke wangu akaingia, akasikiliza kidogo, akauliza, "Hiyo umelipwa au unalipa wewe?" Akafunga mlango.

Lou Reed, mwanamuziki wa roki wa New York, aliingia kwenye jambo hilihili kwa mlango mkubwa zaidi. Mwaka 1975, akiwa nyota anayeuza, alitoa Metal Machine Music, santuri mbili, pande nne, kila upande kama dakika 16, hakuna wimbo hata mmoja. Magitaa yaliachwa mbele ya amplifaya yajililie yenyewe, tepu zikabadilishwa kasi, zikarundikwa. Watu walirudisha santuri madukani wakidhani zina kasoro ya kiwandani. Wapo wanaosema ni mzaha, wapo wanaosema alitaka kuvunja mkataba. Nimeisikiliza upande mmoja mmoja, na kuna sehemu ambapo milio miwili inakaribiana mpaka inaanza kupigana na kutoa wimbi la tatu linalotetema. Mzaha hautoi hilo.

Kama nilivyosema, kila nikifukua nakuta fundi, na yule fundi simu wa Sheffield ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Chris Watson aliiacha Cabaret Voltaire mwaka 1981, akaenda kufanya kazi ya sauti kwenye televisheni, na baadaye akawa mrekodi wa sauti za wanyama na mazingira. Filamu nyingi za wanyamapori anazosimulia David Attenborough zina masikio ya Watson ndani yake. Kazi ikamleta Kenya. Huko akakuta mzoga wa pundamilia, akaficha maiki ndogo ndani ya mbavu, akavuta waya mpaka mbali, akasubiri. Tumbusi wakaja.

Rekodi ipo, imo kwenye albamu aliyoitoa mwaka 1998. Uko ndani ya mzoga. Nyama inachanika karibu na sikio, mabawa yanapiga, ndege wanafokeana kwa milio ambayo haina uhusiano wowote na wimbo wa ndege, nzi wanapita kushoto kwenda kulia. Mwekee mtu anayefuatilia muziki wa kelele bila kumwambia ni nini, atakuuliza ni kundi gani. Wala usidhani kwamba jamaa aliacha kelele akahamia kwenye utulivu. Ni kazi ileile. Alikuwa anaweka maiki mahali ambapo mtu mwingine hangeweka, na alijua waya uwe mrefu kiasi gani.

Huku kwetu jambo hili lina wakongwe wake ambao hawakuhitaji kusikia habari za Berlin. Mawangu Mingiedi alikuwa dereva wa malori Kinshasa, mpigaji wa likembe wa Kibazombo. Likembe, ala ndogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haisikiki kwenye jiji lenye magari. Akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku na vipuri vya magari chakavu, akazipandisha likembe kwenye amplifaya, sauti ikatokea kwenye honi za matangazo. Ikapasuka, bila shaka. Na wao wakaukuta mpasuko huo unafaa, wakapigia humo. Kundi likaitwa Konono N°1, lilikuwepo tangu miaka ya 1960, na dunia ya huko nje ikalisikia vizuri mwaka 2004 albamu yake ya Congotronics ilipotoka Ubelgiji. Wazungu wa roki ya majaribio wakashangaa jinsi inavyofanana na vitu vyao. Mingiedi hakuwa anafanana na mtu. Alikuwa anatatua tatizo la spika.

Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, sikiliza kwa karibu ilimba ya Wagogo, ndugu yake likembe. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo unafanya kila noti iungurume kidogo. Ni makusudi. Ilimba isiyo na ule mngurumo, mpigaji atakwambia haijakamilika. Mimi kwa mafunzo yangu ya kazi ningetafuta pa kuubana. Nikimsikiliza marehemu Hukwe Zawose naona ningekuwa nimeharibu kila kitu.

Singeli sitaieleza kwa watu wa Dar. Nitasema tu kwamba kazi za studio ya Sisso kule Mburahati zilitolewa kwenye mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na watu walewale wa Kampala waliowatoa Duma, na hilo si bahati mbaya. Kasi inayopita midundo 200 kwa dakika, vipande vya taarabu vimekamuliwa mpaka vinalia, kompyuta ya mtaani inayozima joto likizidi. Yule mama wa kwenye Noah, nina uhakika, kwenye kigodoro cha jirani yake anaicheza mpaka alfajiri.

Kijana wangu ameshaomba tuifanye ile miksa mbele ya watu. Nimemwambia sharti ni moja, isiwe kwenye mitambo ya kazi, na sababu ndiyo ile niliyoahidi kuieleza. Mlio mmoja wa juu ulionyooka ni hatari kwa twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kuliko muziki wowote, kwa sababu muziki unapanda na kushuka na twita inapata kupoa, lakini mlio ulionyooka unaichoma bila kupumzika. Masikio nayo hayana tofauti. Kipimo kinachotumiwa na watu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli tatu muda unakatika nusu. Ukifika 100, ambako ni kawaida kabisa kwenye harusi ninazofunga, una robo saa. Baada ya hapo unakopa. Viziba masikio vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, bei yake haifiki soda mbili, na mimi huvaa hata kwenye ubarikio.

Anayetaka kuanza, aanze na "Nag Nag Nag" ya Cabaret Voltaire, ya mwaka 1979, ambayo bado ina mdundo wa kushika mkono, kisha Kollaps, kisha Duma, kisha tumbusi wa Watson. Nakamura mwachie usiku feni ikiwa imezimwa. Tumia hedifoni za waya, sauti ya chini kuliko unavyotaka, na achana na vile vispika vidogo vya Bluetooth: ndani vingi vina kidhibiti kinachobana kila kinachopanda, kwa hiyo utasikia kila kitu kimelingana na utasema hawa watu hawana jipya.